Tundu la Lenzi: Kwa Nini Namba Ndogo Si Jibu la Kila Picha

Karibu kila kijana anayenunua kamera yake ya kwanza hapa Kampala, iwe mpya au iliyokwisha kutumika, huambiwa mapema kwamba hatua inayofuata ni kutafuta lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8. Ushauri huo si mbaya hata kidogo, kwa kuwa lenzi hiyo ni nyepesi, ni miongoni mwa zenye bei ya chini kabisa, na hutoa picha za uso ambazo lenzi iliyokuja na kamera haiwezi kuzitoa. Tatizo huanza baada ya kuinunua. Mwenye nayo hufungua tundu lake la kupitisha mwanga hadi mwisho na kuliacha hapohapo, akapiga kila kitu kwa 1.8: uso wa bibi harusi, pete mezani, na hata ukoo mzima uliopangwa kwa safu nne mbele ya hema siku ya kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya bwana harusi kutambulishwa kwa wakwe. Kisha anashangaa kwa nini shangazi wa safu ya nyuma hajitambui kwenye picha aliyoilipia.

Nimekuwa nikiulizwa jambo hili na wanaoanza kazi, na jibu langu ni kwamba tundu la lenzi lisichaguliwe kwa kutamani ukungu mzuri nyuma ya mtu. Lichaguliwe kwa kutazama mambo mawili yaliyopo mbele yako: kitu unachokipiga kina unene gani kutoka mbele hadi nyuma, na mwanga uliopo ni kiasi gani. Ili uamuzi huo uwezekane, inafaa kwanza kuelewa ile namba inasema nini.

Ndani ya lenzi mna vipande vyembamba vinavyopishana, vilivyopangwa kwa duara na kuacha tundu katikati. Vipande hivyo vinapojikunja kuelekea ndani, tundu hupungua, na vinapojikunjua, tundu hupanuka. Namba ya f, hata hivyo, si kipimo cha tundu hilo kwa milimita, bali ni uwiano. Chukua urefu wa fokasi wa lenzi, yaani zile milimita zilizoandikwa juu yake, ugawanye kwa namba ya f, nawe utapata upana wa tundu kama linavyoonekana ukiitazama lenzi kwa mbele. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa kwenye f/2 ina tundu la milimita 25. Ikiwekwa kwenye f/4 ni milimita 12.5, na kwenye f/8 ni zaidi kidogo ya milimita 6. Kwa hiyo namba kubwa humaanisha tundu dogo, kama vile chapati moja ikigawanywa kwa watu wanane kila mmoja anavyopata kipande kidogo kuliko ikigawanywa kwa wawili. Mwanafunzi akishaona kwamba kuna kugawanya ndani ya ile alama ya mkwaju, mkanganyiko wa namba ndogo na tundu kubwa huisha papo hapo.

Mfuatano wa namba zenyewe ni huu: 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22. Unaonekana kama umeokotwa ovyo, lakini una hesabu yake. Mwanga unaoingia hutegemea eneo la tundu, na eneo la duara hubadilika kwa mraba wa upana wake. Ukitaka kupunguza mwanga kwa nusu, hugawanyi upana kwa 2 bali kwa kipeuo cha pili cha 2, ambacho ni takriban 1.414. Ndiyo maana kila namba katika mfuatano huo ni ile iliyotangulia ikizidishwa kwa 1.4 hivi, na kila hatua kuelekea kulia hupunguza mwanga kwa nusu kamili. Kamera za sasa huruhusu pia kusogea kwa theluthi ya hatua, kwa hiyo utaona 4.5 na 5 kati ya 4 na 5.6, nazo zisikutie hofu.

Kwenye lenzi ya zumu inayouzwa pamoja na kamera za kuanzia, ile ya milimita 18 hadi 55, utasoma maandishi 3.5–5.6. Maana yake ni kwamba ukiwa kwenye 18 unaweza kufungua hadi f/3.5, lakini ukivuta hadi 55 mwisho wako ni f/5.6. Wengi hudhani lenzi inajifunga yenyewe kwa ubovu. Kwa kweli, ukipiga hesabu utaona kwamba tundu la 55 kwenye f/5.6 lina upana wa karibu milimita 10, na lile la 18 kwenye f/3.5 lina milimita 5 tu. Tundu limepanuka, ila halikupanuka kwa kasi ile ambayo urefu wa fokasi uliongezeka. Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini lenzi ya 70 hadi 200 yenye f/2.8 muda wote ni nzito na ni ghali: ili kufikia f/2.8 kwenye 200 inahitaji tundu la zaidi ya milimita 71, na kioo cha mbele hakiwezi kuwa kidogo kuliko hapo. Anayeikodi kwa siku moja ya harusi hukumbuka uzito wake begani kabla ya kukumbuka bei.

Sasa tuje kwenye mwanga. Katika ukumbi wa sherehe jioni, mwanga wa taa za mapambo ni mchache kuliko macho yanavyotuambia. Kati ya f/5.6 na f/1.8 kuna tofauti ya karibu mara kumi ya mwanga. Hii ina maana kwamba pale ambapo lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi 1.8 itakuruhusu kupiga kwa sekunde 1/100, ile zumu ikiwa kwenye 55 itakulazimisha kushuka hadi sekunde 1/10, na kwa sekunde 1/10 hakuna bwana harusi anayecheza dansi ambaye atabaki na uso. Unaweza kupandisha ISO, yaani wepesi wa kihisi cha kamera kupokea mwanga, na kamera za leo huvumilia 1600 au 3200 bila chembechembe nyingi kwenye picha, lakini hapa ndipo tundu kubwa linapostahili sifa zake zote. Hakuna ubishi: ukumbini, namba ndogo ni rafiki.

Nje mchana ni habari nyingine kabisa, na sisi tunaoishi karibu na ikweta tunapaswa kuijua kuliko wapiga picha wa Ulaya. Ipo kanuni ya zamani, tangu enzi za filamu, isemayo kwamba chini ya jua kali lisilo na mawingu weka f/16, na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, iwe moja gawanya kwa ISO. Kwa ISO 100, basi, ni sekunde 1/100 kwenye f/16. Fungua hatua mbili hadi f/8, nawe utahitaji sekunde 1/400. Fungua hadi f/2.8, ni sekunde 1/3200. Ukifika f/1.8 unahitaji takriban sekunde 1/8000, ilhali kamera nyingi za kuanzia, zile zenye kioo ndani kinachoakisi taswira hadi kwenye kitundu cha kuchungulia, hukomea sekunde 1/4000. Kinachofuata ni picha iliyopauka, shati jeupe lisilo na mkunjo hata mmoja, na paji la uso linalong'aa kama limepakwa mafuta, ilhali mpigaji anailaumu lenzi. Kuna vichujio vyeusi vya kupunguza mwanga kwa wanaong'ang'ania 1.8 saa saba mchana, lakini mimi naona ni rahisi zaidi kuhamia chini ya mwembe.

Mwanga wetu una tabia nyingine ambayo inamhusu mpiga picha moja kwa moja. Jua la hapa hushuka karibu wima, na baada ya kuzama, mwishoni mwa saa kumi na mbili jioni au saa moja kasoro, wakati mwingine wa mwaka saa moja yenyewe, mwanga wa kutosha hubaki kwa takriban dakika 20 tu. Ukiwa ufukweni Entebbe ukipiga wachumba wanaotembea mbele ya Ziwa Victoria, utaanza na f/5.6 kwa raha, na kabla hujamaliza kuwapanga upya utakuwa umefika mwisho wa lenzi yako. Kwa hiyo picha za kundi, zinazohitaji tundu dogo, zipigwe kwanza. Za watu wawili zifuate. Na za uso mmoja ziachwe mwisho, kwa kuwa hizo ndizo zinazoweza kuvumilia tundu lililo wazi. Nimeona ratiba nyingi za harusi zilizopanga kinyume cha hapo, na ukoo ukapigwa gizani.

Jambo la pili ambalo tundu hutawala ni kina cha fokasi, yaani lile eneo kutoka mbele hadi nyuma ambalo vitu vilivyomo huonekana bayana. Tundu likiwa kubwa, eneo hilo ni jembamba. Likiwa dogo, eneo hupanuka. Lakini tundu halifanyi kazi hiyo peke yake. Urefu wa fokasi nao una nguvu, na umbali kati yako na unachokipiga una nguvu zaidi kuliko wengi wanavyodhani: ukirudi nyuma hadi umbali uwe mara mbili ya ule wa kwanza, ukiwa na lenzi ileile na tundu lilelile, kina cha fokasi huongezeka karibu mara nne.

Tuchukue mifano yenye vipimo, kwa kamera ya kuanzia yenye kihisi cha ukubwa wa APS-C (kidogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35), ambacho ndicho kilichomo katika kamera nyingi za wanaoanza. Ukiwa na lenzi ya milimita 50 kwenye f/1.8, umesimama mita 1.5 kutoka kwa mtu, eneo linaloonekana bayana lina unene wa sentimita 6 hivi. Kutoka ncha ya pua hadi sikio la mtu mzima ni zaidi ya hapo. Ndiyo sababu fokasi inapaswa kuwekwa kwenye jicho lililo karibu na kamera, na ndiyo sababu mtu akipumua na kuyumba kidogo mbele, picha hupata nyusi bayana na jicho lenye ukungu. Funga hadi f/8, umbali uleule, nawe unapata sentimita 27 au zaidi kidogo, ambazo zinatosha kichwa kizima pamoja na mabega yaliyosimama juu ya gomesi, lile vazi la wanawake wa Uganda.

Sasa rudi nyuma hadi mita 5 ili upate ukoo. Kwenye f/1.8 una sentimita 70 hivi za kuchezea. Watu waliokaa kwenye viti, wengine wamesimama nyuma yao, na vijana wa nyuma kabisa wamepanda benchi, hujaza kina cha mita moja na nusu hadi mbili. Hesabu haikubali. Kwenye f/8 unapata zaidi ya mita 3, na hapo safu zote nne zinaenea, mradi fokasi isiwekwe kwa mzee aliyekaa mbele kabisa bali kwa safu ya pili, kwa sababu katika umbali wa namna hii eneo bayana huenda zaidi upande wa nyuma kuliko upande wa mbele. Ninapofika mahali pa kazi, kabla ya kugusa kamera, huhesabu safu. Safu moja, f/4 inatosha. Safu mbili, f/5.6. Zaidi ya hapo, f/8, na kama mwanga haukubali, ISO ipande.

Hali ya nusu-otomatiki, yenye herufi Av kwenye kamera za Canon na A kwenye za Nikon na Sony, inatosha kabisa kwa kazi hii: wewe unachagua tundu, kamera inatafuta kasi ya shata. Iangalie hiyo kasi kwa jicho la pembeni, isishuke chini ya sekunde 1/125 kwa watu waliosimama. Na jihadhari na rangi zinazotawala fremu. Kwenye kwanjula, wanaume ishirini waliovaa kanzu nyeupe huifanya kamera idhani kuna mwanga mwingi mno, ikapunguza, na nyuso zikaishia kuwa giza; ongeza fidia ya mwanga, yaani iamuru kamera iongeze mwanga kuliko ilivyopima, kwa hatua moja au karibu na hapo. Katika msitu wa Bwindi mambo hugeuka. Sokwe wa milimani ni mweusi, msitu ni mweusi, na kamera huona giza ikaongeza mwanga kupita kiasi, ikapunguza kasi ya shata bila sababu. Huko flashi hairuhusiwi, na wageni hutakiwa kukaa mita kadhaa kutoka kwa wanyama. Lenzi ya 200 kwenye f/2.8, ikiwa na kamera ya kihisi kikubwa na sokwe yuko mita 10 mbali, hutoa kina cha sentimita 40 hivi: uso na kifua vinaonekana bayana, majani ya mbele na ya nyuma yanayeyuka. Hapo ukungu si urembo. Bila huo, msitu ungemmeza mnyama.

Mfano ulio kinyume chake ni Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, pale ambapo mstari wa ikweta unakatiza na watu husimama ndani ya yale maduara makubwa meupe ya saruji. Anayesimama pale anataka kuonekana yuko ikweta. Ukimpiga kwa 1.8 akiwa hatua kadhaa mbele ya duara, maandishi yanabaki madoa, na picha hiyo ingeweza kuwa imepigwa mbele ya ukuta wowote. Lenzi ya 18 kwenye f/8, fokasi ikiwekwa mita 2 hivi mbele yako, hufanya kila kitu kuanzia mita moja hadi upeo wa macho kionekane vizuri: mtu, duara, maandishi, na lori la matoke linalopita. Mwanga wa pale mchana unakupa f/8 bila kudai chochote.

Fasheni ya ukungu ina nguvu siku hizi, na sehemu ya lawama ni ya simu. Simu nyingi zina tundu lisilobadilika, na japokuwa huandikwa f/1.8 au karibu na hapo, lenzi yake ya kawaida ina urefu halisi wa fokasi wa milimita chache tu, kwa hiyo tundu lenyewe ni la milimita 3 au 4 na kila kitu hutoka bayana. Samsung walijaribu mwaka 2018, katika Galaxy S9, kuweka tundu linalobadilika kati ya f/1.5 na f/2.4, lakini tofauti katika kina cha fokasi ilikuwa ndogo. Faida ilikuwa zaidi kwenye mwanga. Ule ukungu unaouona katika hali ya picha za uso huchorwa na programu, na utaugundua kwa kutazama kingo za nywele zilizosokotwa au ncha za mabega ya gomesi, ambazo programu huzikata vibaya.

Wapo waliokwenda upande wa pili kabisa. Mwaka 1932, huko San Francisco, wapiga picha akiwamo Ansel Adams, Edward Weston na Imogen Cunningham walijiita Kundi la f/64, jina lililotokana na tundu dogo kabisa la kamera zao kubwa, kwa sababu walitaka kila jiwe na kila jani lionekane. Usiwaige kwa kuzungusha gurudumu hadi 22, kwani wao walitumia filamu zenye ukubwa wa sahani. Kwenye kihisi kidogo cha kamera zetu, mwanga unaopita kwenye tundu jembamba hupinda kingoni na kusambaa, na kuanzia f/16 picha nzima hulegea kidogo. Kwenye f/22 utaona kwa macho. Lenzi nyingi huwa katika ubora wake kati ya f/5.6 na f/8. Mimi huenda f/16 usiku tu, kamera ikiwa kwenye stendi, nikitaka taa za barabarani zitoe miale kama nyota. Lenzi yenye vipande saba hutoa miale 14, na yenye vipande sita hutoa 6, kwa kuwa idadi ikiwa witiri miale huongezeka mara mbili.

Neno moja la tahadhari kwa wenye kamera za kioo. Unapochungulia, lenzi huwa imefunguliwa hadi mwisho ili uone vizuri, na hujifunga kwenye namba uliyochagua sekunde ile tu unapobonyeza. Unachokiona ndani ya kitundu cha kuchungulia sicho kitakachokuwa kwenye picha, labda uwe na kitufe cha kuhakiki kina, nacho huifanya taswira kuwa giza kiasi cha kutia mashaka. Njia ya uhakika ni kupiga, kufungua picha kwenye skrini, na kuikuza hadi uso wa mtu wa mwisho nyuma.

Kwa anayetaka kuzoea kabla ya kulipwa na mtu yeyote, chupa tatu za soda zinatosha. Zipange mezani moja nyuma ya nyingine, kwa kuachana shubiri moja, karibu na dirisha. Vuta zumu yako hadi 55, sogea karibu kadiri lenzi inavyokubali, weka fokasi kwenye chupa ya kati, kisha piga kwa f/5.6, kwa f/8, na kwa f/16. Soma lebo za chupa ya mbele na ya nyuma katika kila picha. Halafu rudi nyuma hatua tatu, urudie vilevile, na ulinganishe picha ya f/5.6 ya mbali na ile ya f/16 ya karibu. Ukishamaliza, ndipo uende kuulizia bei ya ile f/1.8.